Mjomba, Dari la Papa Nimelikagua

Roma, Julai

Mjomba,

Pole na mguu huko Tanga. Mama ameniambia kwamba ulishuka kabla ngazi haijaisha.

Barua hii ni ya kikazi. Kila nikipiga simu, hata hujauliza nimekula nini, unauliza, "Lile dari umeshaliona?" Miaka miwili nakujibu kwamba nina shughuli. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kufunga jipsamu kwenye dari za watu, siku ya mapumziko hana hamu na dari lolote ila lile la kulala chini yake.

Basi wiki iliyopita bosi wangu akanipa tiketi ya kutembezwa Makumbusho ya Vatikani pamoja na kundi. Ilikuwa ya shemeji yake, tumbo likamkamata. "Wewe si unajisifu unajua lipu?" akasema. "Nenda ukaone lipu."

Nikaenda. Nikavaa kaptula.

Usinicheke. Joto la Roma mwezi wa Julai ni joto la Tanga lililonyang'anywa bahari. Lakini kule ni mahali pa ibada, na sharti limeandikwa wazi: mabega na magoti yasitiriwe. Mlinzi wa mlangoni akayatazama magoti yangu, nami nikayatazama, tukawa tunayatazama wote wawili bila kusema kitu. Akina dada waliokuja mabega wazi walikuwa wameshakimbilia kwa wachuuzi wa mitandio, ambao bei yao hupanda kadiri foleni inavyosogea. Mimi nikafungua begi, nikatoa kikoi kile ulichonipa siku ya kuagana, nikakifunga pale pale juu ya kaptula. Mlinzi akakikagua kwa heshima kuliko alivyonikagua mimi, akanipisha. Mama mmoja Mmarekani wa kundi letu akaniuliza sketi nzuri ile nimeinunua wapi. Nikamwambia Barabara ya Nane, Ngamiani. Akaandika kwenye simu yake.

Mwongozaji wetu alikuwa mama Mtaliano mwembamba, mkononi ana kijiti chenye kitambaa chekundu ili tusimpoteze. Kila mtu alipewa kiredio cha kuning'iniza shingoni na kispika cha sikioni, yeye anasema kwa sauti ya chini huko mbele, wewe unasikia huku nyuma. Tukapelekwa kwanza kwenye ua wenye koni ya msonobari ya shaba ndefu kuliko nyumba ya vyumba viwili, tukasimamishwa mbele ya mbao zenye picha za dari. Kumbe ndani ya kikanisa chenyewe ni marufuku kusema. Kwa hiyo somo lote hutolewa uani, jua la utosi, halafu unaingia kukumbuka ulichoambiwa.

Hapo uani ndipo alipotueleza kwamba kikanisa kile, kinachoitwa Sistina kwa jina la Papa Sixtus IV aliyekijenga, ndimo makardinali hufungiwa wakati wa kumchagua Papa. Mwaka 2025 walifungiwa 133, na siku ya pili moshi mweupe ukatoka. Nikamnong'oneza yule mama Mmarekani kwamba hata kwetu alitoka mmoja, Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba, aliyeingia mle mwaka 1963 na mara mbili mwaka 1978. Akapanua macho: "Ni ndugu yako?" Nikasema ndiyo, kwa mbali. Wewe unajua Tanga na Bukoba zilivyo mbali.

Safari ya kufika huko ndani ni ndefu. Unapita mazulia ya ukutani, masanamu yasiyo na pua, tena masanamu. Katikati ya safari kiredio changu kikaacha kumpokea mama yetu, kikamdaka mwongozaji wa Kijerumani. Nilitembea robo saa nzima nikitikisa kichwa kwa Kijerumani, nikicheka wenzangu wa upande wa pili walipocheka. Tukafika kwenye ukumbi wa ramani, mrefu mita 120, dari lake lote ni dhahabu na picha kama birika la harusi. Nikasimama. Moyo ukanienda mbio. Nikasema, Mjomba, hili hapa. Nikaanza kukagua kona, nikaangalia maungio, machozi yakanilengalenga. Yule Mmarekani akanivuta kikoi: "Bado. Hili ni la njiani."

Sasa tuingie.

Ukumbi wenyewe si mkubwa kama ulivyojenga kichwani mwako. Urefu kama mita 40, upana 13, na kutoka sakafuni hadi juu karibu 21. Watu wamejaa kama daladala ya saa kumi na mbili jioni, tofauti ni kwamba abiria wote wanatazama juu, midomo wazi, wanakanyagana vidole. Walinzi wanapaza sauti: "Silenzio!" Kimya kinakuja, kinakaa kidogo, kinaondoka, wanapaza tena. Kelele kubwa kuliko zote mle ndani ni ya mtu anayekataza kelele.

Nikainua uso. Mjomba, zaidi ya watu 300 wamechorwa kule juu, na wengi wao hawana hata uzi. Vijana ishirini wa miraba minne wamekaa kwenye pembe za picha kama walivyozaliwa. Mimi niliyezuiliwa mlangoni kwa magoti mawili! Kikoi changu peke yake kingewasitiri watatu. Nabii Nuhu yupo, gharika ipo, Adamu yupo amejilaza ananyoosha kidole kwa uvivu kama mtu anayeagiza chai. Nabii Yunus yupo juu ya madhabahu pamoja na samaki wake, samaki ambaye mvuvi yeyote wa Deep Sea angemrudisha majini kwa udogo. Anayenyooshewa kidole na Adamu sitamwelezea, maana najua Bibi husomewa barua zangu kwa sauti.

Nije kwenye lipu.

Fundi wa dari lile, Michelangelo, hakuitaka kazi ile. Alikuwa mchonga mawe, na miaka minne kabla alikuwa amemaliza sanamu ya Daudi kule Florence. Papa Julius II akamwita mwaka 1508 akampa dari. Lilikuwa limeshapakwa rangi ya buluu yenye nyota za dhahabu, likaanza kupasuka. Bei wakapatana dukati 3,000, kianzio akapokea 500, na kuanzia hapo barua zake nyumbani zinafanana na zako kwa Mama: kazi nzito, hela hazionekani.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa jukwaa. Msanifu wa Papa, Bramante, alitaka jukwaa lining'inizwe kwa kamba kutoka juu, kamba zipite kwenye matundu ya dari. Michelangelo akauliza swali ambalo wewe ungeliuliza: hayo matundu tutayaziba vipi kazi ikiisha? Akajibiwa kwamba litafikiriwa baadaye. Baadaye! Hilo ni jibu la wasanifu wote, wa zama zote. Akalivunja, akatengeneza la kwake lililoegemea kuta, chini misa ikaendelea kusomwa. Kamba zilizobaki, wanasimulia, alimpa seremala wake, seremala akaziuza akapata mahari ya binti yake. Huku enzi hizo mahari ilitoka kwa baba wa bibi harusi. Habari hiyo tafadhali isifike kwa vijana wa barazani.

Lipu yao ni ya chokaa na jivu la volkano, na rangi hupakwa ikiwa bado mbichi, inanywewa, chokaa ikikauka inakuwa jiwe na rangi ndani yake. Ikishakauka umechelewa. Kwa hiyo asubuhi unapiga lipu kipande kile tu utakachokimaliza kabla ya jua kuzama, kesho unaunga kingine. Nilitafuta maungio yale hadi shingo ikalia. Yale ya karibu na kona yanaonekana ukijua pa kutazama. Ile picha ya kutenganishwa nuru na giza, wataalamu wamehesabu maungio wakaona ni kazi ya siku moja. Sawa tu, hata mara ya kwanza ilikuwa siku moja.

Sasa kaa vizuri, weka chai chini. Alianza na upande wa gharika. Hakwenda mbali, dari likaota ukungu. Koga tupu! Akaenda kwa Papa akasema, si nilikwambia hii si kazi yangu, imeharibika. Papa akamtuma mzee mmoja mjuzi wa ujenzi, Giuliano da Sangallo, apande kutazama. Mzee akapanda, akatazama, akamwambia: umezidisha maji.

Umezidisha maji, Mjomba! Maneno hayo nimeyasikia kwako miaka sita, kila asubuhi, na mwiko umenielekezea kichwani. Yule mama Mtaliano alipoyatamka uani niligeuka nyuma kutazama kama umesimama pale.

Watu husema alichora amelala chali. Uongo. Alisimama, kichwa kimetupwa nyuma, rangi inamdondokea usoni, na mwenyewe alijichora hivyo pembeni mwa karatasi. Miaka minne, hadi 1512. Mteja naye hakukaa nyumbani. Papa yule, mzee na hasira zake, alikuwa akipanda jukwaani kuuliza lini itakwisha, fundi anajibu, nitakapoweza. Siku moja, inasemekana, Papa akashindwa kuvumilia akamtandika fimbo. Kisha akatuma mtu ampelekee fundi dukati 500 za kuomba radhi. Nimekaa nikawahesabu wateja wako wote wa Ngamiani hadi Raskazone. Wako wengi ambao ningependa wakupige kwa bei hiyo.

Kuhusu rangi, ondoa picha iliyo kichwani mwako ya kalenda yako ya dukani, ile ya kahawia. Ule ulikuwa moshi wa mishumaa na ubani wa karne nyingi. Kuanzia 1980 hadi 1994 walisafisha dari kisha ukuta wa mbele, na televisheni moja ya Japani ililipa gharama ikapewa haki ya picha. Ndiyo asili ya kukataza kamera. Haki ile ilishakwisha, katazo limebaki. Chini ya masizi zikatoka rangi za kanga za Idi: waridi, kijani cha embe changa, chungwa linalowaka. Baadhi ya wasomi walikasirika. Walikuwa wameshaandika vitabu kusifu giza lake.

Na kipo kipande kilichodondoka. Mwaka 1797 baruti ililipuka katika ngome iliyo jirani, mtikisiko ukaangusha lipu sehemu ya gharika pamoja na mmoja wa wale vijana wasio na nguo. Hajarudishwa hadi leo. Nilipokiona nikajikuta nimenyoosha mkono juu kupima kwa shubiri, kama tunavyofanya kabla ya kutaja bei. Mlinzi akadhani napiga picha. "No foto!" Nikamwonyesha kiganja kitupu. Hakuelewa kwamba nilikuwa nakadiria mifuko.

Ukuta wa mbele ndio nilioupenda kuliko yote, Hukumu ya Mwisho. Alirudi kuuchora akiwa mtu mzima, 1536 hadi 1541. Humo kuna uchi hata kuliko darini. Afisa wa itifaki wa Papa, Biagio da Cesena, akauona kabla haujaisha akasema picha ile inafaa bafuni na kwenye vilabu vya pombe, si kanisani. Fundi hakujibu. Akamchora. Kona ya chini kulia, kuzimuni, amesimama na masikio ya punda, nyoka amemzunguka mwili na amemuuma pale ambapo Bibi asingependa pasomwe. Biagio akakimbilia kwa Papa Paulo III kushtaki. Papa, wanasimulia, akamwambia: angekuweka toharani ningekusaidia, lakini kuzimuni sina mamlaka.

Fundi akafa 1564. Mwaka uliofuata wakamtafuta mchoraji mwingine, Daniele da Volterra, rafiki yake tena, awavike wale watu vitambaa. Aliacha kazi nzuri nyingi duniani lakini jina lililomganda ni Braghettone, Bwana Suruali. Nikakitazama kikoi changu. Nikaona mlinzi wa mlangoni na Bwana Suruali ni idara moja.

Nilitoka shingo imegoma kushuka. Hata sasa naandika huku nimetazama juu, ndiyo maana mistari imepanda.

Kadi niliyoambatisha nimeinunua dukani kwao, maana picha sikuruhusiwa. Wamekuza ile kona ya kulia: mwenye masikio ya punda ndiye Biagio. Ibandike ukutani dukani, usawa wa macho, pale wadaiwa wanapokaa kungoja chai. Yule tajiri wa ghorofa mbili ambaye bado hajamalizia hela ya lipu tangu mwaka juzi, akija tena na hadithi zake, usimwambie lolote. Mtazame yeye, tazama kadi, kisha chukua penseli uanze kunoa.

Wasalimie wote. Mwambie Bibi kwamba kikoi kimeingia Vatikani na kutoka salama.

Wako mpwa, saidia fundi.