Bonyeza Kitufe Chochote

Laptopu yangu haiwaki ikiwa na flashi. Ukiichomoa inawaka bila kinyongo, inakuletea mpaka na ile picha ya mlima wenye theluji, utadhani hakuna lililotokea. Ukiirudisha flashi, ukazima na kuwasha, kioo kinabaki cheusi, na pale juu kushoto panatokea maandishi meupe ya Kimombo: ondoa diski au vyombo vingine, kisha bonyeza kitufe chochote.

Nabonyeza. Inafikiri. Inaandika yaleyale. Nimevijaribu hata vile vitufe vya pembezoni ambavyo sijui viliwekwa kwa kazi gani, na jibu halijabadilika.

"Si uichomoe tu, Katibu?" Hivyo ndivyo anavyoniambia kila mtu, na kila mtu ana hakika kwamba yeye ndiye wa kwanza kuliwaza jambo hilo. Flashi yenyewe ni ya zile fupi. Ikishaingia, kinachobaki nje hakizidi ukucha, na ilivyobana, kuitoa ni mpaka uazime kibanio cha nyusi. Nimeiacha humo makusudi. Diski ya ndani imejaa picha za harusi za watu ambao siku hizi hata hawasalimiani, kwa hiyo hesabu zote za kikoba chetu, hisa, mikopo na faini za wachelewaji, ziko kwenye flashi. Na flashi inayokaa mfukoni, kwa uzoefu wangu, ni flashi iliyo njiani kwenda kufuliwa pamoja na suruali.

Nikaipeleka Kariakoo kwa fundi. Fundi hakuuliza inaumwa nini. Aliiwasha, akayatazama yale maandishi bila kuyasoma, akasema, "Bosi, hapa window imekufa. Tunapiga window mpya, elfu ishirini tu." Nikamwambia haijafa, chomoa flashi uone. Akahangaika na kucha mpaka ikatoka, mashine ikawaka. "Umeona?" akasema kwa ushindi. "Virusi hao." Mafundi wetu hawa, hata umpelekee pasi ya mkaa, atakuambia inahitaji window.

Kisa chenyewe kinaudhi kuliko virusi. Kabla Windows haijapata fahamu, kuna programu ndogo inayokaa kwenye mazabodi, wenyewe wanaiita BIOS, yenye orodha ya mahali pa kutafuta mfumo wa kuendesha mashine. Kwangu orodha hiyo inaanza na USB, ndipo ifuate diski. Sasa flashi ilipofomatiwa kwenye Windows, kipande chake cha kwanza kabisa, baiti 512, kiliandikiwa maelekezo mafupi ya kutoa ule ujumbe. Yaani anayesema ondoa flashi si kompyuta, ni flashi yenyewe! Inakabidhiwa usukani, inapanda kwenye kiti cha dereva, inawatangazia abiria kwamba haina leseni, na haishuki. Diski yenye Windows imekaa siti ya nyuma na leseni yake mkononi, na hakuna anayeiuliza.

Ukitaka kujua nani alipanga foleni hii, rudi mwaka 1981. Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka huo haikuwa na diski ya ndani. Mfumo uliingizwa kwa diski laini, zile bapa, kwa hiyo ilikuwa haki mashine ianze kutazama kilichochomekwa. Diski ya ndani ilipokuja na toleo la XT mwaka 1983, ilikuta mwenzake ameshatangulia, ikasimama nyuma. Flashi zilipoingia sokoni mwaka 2000 nazo zikarithi heshima ileile. Na mimi, katibu wa kikoba Mbagala, ndiye ninayelipa deni la diski laini ambazo sijawahi hata kuzimiliki.

Dawa ipo: unaingia kwenye BIOS, unaiweka diski mbele ya USB. Mlango wa kuingilia ni F2, au F10, au Esc, au Del, inategemea aliyeitengeneza aliamkaje siku hiyo, na lazima uuwahi katika zile sekunde chache za mwanzo. Ukizembea, unarudishwa kwenye kitufe chochote.

Niliingia. Humo ndani kipanya hakitambuliki, ni mishale tu. Nikaipandisha diski, nikaishusha USB mpaka mkiani. Ikauliza kama ihifadhi mabadiliko: Y kwa ndiyo, N kwa hapana. Nikabonyeza Y. Kimya. Nikaibonyeza tena kwa nguvu, kana kwamba haikusikia. Kimya.

Simu ikaita. Mama Mwenyekiti. "Katibu, watu wameshakaa, wanauliza hesabu ziko wapi."

Hii laptopu ni mtumba wa Ujerumani. Wajerumani Z wameiweka juu, Y wameitupa chini kushoto, nami nilishazoea, maana Windows inalijua hilo na inakwenda na maandishi yaliyo kwenye vitufe. BIOS haijui kwamba iliwahi kukaa Ujerumani. Yenyewe inahesabu vitufe kwa mpangilio wa Kimarekani. Y yangu inaisoma kuwa Z, na Z haimo kwenye swali. Kwa hiyo ukitaka kusema ndiyo, bonyeza Z. Jambo hilo halikuandikwa popote kwenye kile kioo, ingawa nafasi tupu ya kuliandika ilikuwepo tele.

Nikabonyeza Z. Mashine ikazima, ikawaka, flashi ikiwa ndani imetulia. Nikaikwapua, nikakimbilia kikaoni, nikafungua hesabu mbele ya wanachama wote. Mama Mwenyekiti akatazama saa, akasema kwa kuwa daftari limefunguka vizuri, tuanze na faini ya Katibu.