Grauti Isiyopitisha Maji

Wanaodai kwamba sisi wa Durban hatujali mambo ya msingi waje waone bafu langu. Wiki tatu nzima mimi na fundi tumeijadili grauti, ule uji wa kuziba mianya ya vigae, kwa umakini ambao hata posa haipewi. Ya saruji isiyo na mchanga ni ya mianya myembamba. Yenye mchanga, ya mianya mipana, kuanzia milimita 3 hivi. Halafu ipo ya epoksi, ghali kama mahari ya binti wa pekee, na hainywi maji hata tone. Nyeupe tuliikataa: kwa mvuke huu wa Bahari ya Hindi, ukungu ungeivaa kabla sijamaliza deni. Tukachagua epoksi ya kijivu.

“Kaka, hapa maji hayapiti,” fundi akaapa.

Mkweli yule! Hayajapita. Ukutani hayajapita, na bombani pia hayajapita, tangu Jumanne. Sijawahi kuona grauti yenye nguvu ya kuzuia maji hadi mtaa wa pili.

Na wenzetu wa oThongathi, kaskazini mwa jiji, walikuwa na bahati zaidi. Mafuriko ya Aprili 2022 yalipoharibu mtambo wao wa kusafisha maji, mabomba yalikauka kwa miezi. Vigae vya huko vilipumzika kweli.

Katikati ya bafu nimepanga ndoo mbili za bluu. Zinaendana sana na kijivu.