Vibao vya Miche

Mama mkwe alipofika Pennsylvania mwezi wa Oktoba, Baba Neema alikuwa ameshaficha kila kitu. Bunduki zilikuwa kabatini, kabati limefungwa, ufunguo anatembea nao. Mashine ya kujazia risasi ameifunika shuka. Baruti ameipandisha juu kabisa, kwenye sanduku lake la mbao. Vilivyosalia mezani gerejini ni vibao viwili vya plastiki vyenye matundu hamsini kila kimoja, maana nani atashuku kibao cha matundu?

Mama alikiinua kimoja, akakigeuza. "Hiki ni cha nini, baba?"

"Cha kupandia miche, mama."

Uongo una mahali pa kuutumia, na mahali hapo si mbele ya mtu wa Lushoto. Ungemwambia ni cha kuwekea penseli angekisahau palepale. Miche! Nilimwona jinsi alivyokitazama tena.

Nisimwonee mume wangu, sababu alikuwa nayo. Kwetu Tanzania kumiliki silaha kuna sheria yake ya mwaka 2015, na mtu akikutwa gerejini anajaza maganda ya risasi, maelezo yake atayatolea polisi. Huku Pennsylvania ni mchezo wa wastaafu. Ganda la shaba haliishi kwa kupigwa mara moja. Unaliokota, unalisafisha, unalirudisha kwenye umbo lake, unalitia fataki mpya, baruti na kichwa, linatumika tena. Aliyemfundisha ni mzee jirani yetu, na mzee huyo alipohamia kwa binti yake Florida alimwachia vifaa vyote, vibao vikiwemo. Alivinunua zamani, kiwanda kilipokuwa bado kinavitengeneza kwa saizi mbalimbali, kila saizi na jamii yake ya risasi. Siku hizi hakivitengenezi.

Nami kwa muda mrefu nilidhani ni trei tu, mpaka usiku mmoja nilipompelekea chai nikamkuta ameinama na tochi. Maganda hamsini yamesimama wima kwenye kibao, yametiwa baruti, bado hayajawekwa vichwa. Anapitisha mwanga mstari kwa mstari, anachungulia ndani ya kila moja kama baruti imefika kimo kilekile. Yalikuwa maganda ya bastola, .38 Special. Risasi hiyo ilibuniwa mwaka 1898, enzi za baruti nyeusi iliyohitaji nafasi kubwa, na ganda lake limebaki refu hivyohivyo. Baruti ya sasa ina nguvu zaidi, kwa hiyo kipimo chake hukaa chini kabisa. Ukisahau ukamimina mara mbili, ganda halifuriki wala halikuambii kitu. Bastola itakayopasukia mkononi ndiyo itakayokuambia. Ndiyo maana maganda yanatakiwa yasimame wima, kimo kimoja, na macho yakague. Tangu usiku ule sikuviita tena vikorokoro.

Basi Mama akapata mbegu za mchicha kwenye duka la Waafrika. Mimi nikiwa kazini na Baba Neema akiwa kazini, akaenda gerejini, akavichukua vibao vyote viwili, akavijaza udongo tundu kwa tundu, akapanda, akanyunyiza maji, akaviweka dirishani jikoni penye jua. Tuliporudi alitupokea kwa lawama. "Huyu aliyetengeneza hivi si mkulima. Matundu hayana pa kutolea maji."

Baba Neema aliangalia dirishani kama mtu aliyeona gari lake linaondoka bila yeye. Hakusema neno. Angesemaje? Mwenyewe ndiye aliyesema miche.

Mimi lililonikera lilikuwa lingine. Fataki nyingi hutengenezwa kwa kemikali yenye madini ya risasi, na masizi yanayobaki kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa yana sumu hiyo. Nyumbani kwangu cha gerejini hakiingii jikoni, na hiyo ni amri. Sasa mchicha unaota kwenye masizi, na Mama anauliza nazi zinauzwa wapi.

Miche ilipochomoza, usiku mmoja Baba Neema akaenda kuiba mali yake mwenyewe. Aliihamishia miche kwenye vikopo vya mtindi, akavigonga vibao, akavikung'uta, akachokonoa kwa kijiti. Udongo uliolowa ndani ya tundu lisilotoboka upande wa pili hautoki kwa kubembelezwa. Hapo ndipo alipopata wazo la kuvitia kwenye mashine ya kuosha vyombo, sehemu ya chini, jirani na chuma kinachopasha moto. Asubuhi nilivikuta vimejikunja mithili ya chapati iliyosahauliwa juani. Ukiviweka mezani vinabembea.

Wahenga walisema umwambie mwana, mkwe asikie. Yeye aliligeuza, akaanza kumwambia mkwe ili mama asikie. "Mama Neema! Vitu vya gerejini viachwe gerejini!" Anapaza sauti, nami nimesimama mbele yake umbali wa kijiko. Mama yuko sebuleni anashona, hajainua hata uso.

Msimu wa kulungu ulikuwa unakaribia. Katika jimbo hili, tangu mwaka 2019, msimu wa bunduki hufunguliwa Jumamosi inayofuata sikukuu ya Shukrani. Zamani ilikuwa Jumatatu, na wazee bado wanalinung'unikia badiliko hilo. Baba Neema akaanza kutafuta vibao vingine. Dukani hakuna. Wenye navyo hawauzi. Mwisho akaletewa kile cha kisasa kinachodaiwa kutosha risasi zote, matundu makubwa na madogo yamechanganywa. Mimi sina imani na kitu kinachojigamba kumtosha kila mtu. Yeye hupiga .30-06, risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906, yenye ganda la milimita 63 lililosimama juu ya kitako cha milimita 12. Kwenye matundu yale mapya yaliegama kila moja na upande wake, na meza ilipoguswa kidogo baruti ikamwagika.

Aliguna kwa sauti. Mlangoni Mama akajibu.

"Kwa hiyo unatengeneza risasi."

Alikuwa amesimama pale muda. Tukangoja radi.

"Kaka yangu alikuwa askari wa wanyamapori Mkomazi. Bunduki nimeziona kabla hujazaliwa. Unanificha nini? Na mchicha wangu ungenilisha?"

"Nisamehe, mama."

"Lete ubao."

Ukaletwa ubao wa mti wa mepo, mgumu, na keekee ya nusu inchi, ambayo inazidi kitako cha ganda kwa chini ya milimita moja. Mama alipiga mistari kwa rula, akaweka alama hamsini, akasimamia kila tundu lisipite kina chake. Mbao ina faida yake: wakati wa baridi kavu haivuti chembe za baruti kama plastiki. Maganda yakasimama wima. Mama akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika ubavuni kwa herufi kubwa: SI YA MICHE.

Kisha akadai atajiwe kila kilichomo gerejini, kimoja kimoja, bila uongo. Mizani ikatajwa, mashine ikafunuliwa shuka, kabati likafunguliwa. Alipofikia lile bakuli la umeme linalotetemeka akachota kiganja cha vitu vya njano vilivyomo, akanusa.

"Na hii?"

"Magunzi ya mahindi, mama. Yamesagwa. Yanang'arisha shaba."

Mama aliyarudisha bakulini, akapangusa mkono kwenye khanga. "Mama Neema," akaniambia, "ameanza tena."