Nane Nini?

Sina budi kuanza kwa kukiri kwamba nilifundisha hesabu katika shule za msingi za Mbozi na Momba kwa muda wa miaka 33, ili msomaji atakapofika mahali nilipofedheheka asije akadhani kwamba masaibu haya yalimpata mtu asiyejua kujumlisha na kutoa.

Mwaka huo buni iliitika vizuri, na baada ya kupokea malipo ya pili ya chama chetu cha msingi, na kumwuza ng'ombe mmoja aliyekuwa na tabia ya kula kanga za majirani zilizoanikwa, nilijikuta mwezi wa Novemba nina shilingi 3,000,000 taslimu, mali ambayo katika mji kama Tunduma hailali siku mbili ndani ya nyumba pasipo harufu yake kuwafikia ndugu. Wa kwanza kuinusa alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye hubadilisha fedha kule mpakani tangu zama za kamba na kibanda, kabla ya kile kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kufunguliwa mwaka 2019. Alinijia na shauri kwamba nimwachie yeye azizungushe kwa kwacha. Nikamkatalia kwa adabu, kwani mimi na kwacha hatuna masikizano tangu tarehe 1 Januari 2013, siku ambayo Zambia ilifuta sifuri tatu katika fedha yake, na kwacha 800,000 nilizokuwa nimezificha katika kopo la maziwa ya unga, ambazo kwazo nilijihesabu miongoni mwa matajiri wa wilaya, zikaamka asubuhi zikiwa 800. Shemeji alinieleza mara nyingi, kwa upole wa tabibu, kwamba thamani yake haikupungua hata ngwee moja. Huenda ni kweli. Walakini sifuri zangu tatu sikuziona tena.

Basi nikaenda benki, nikaiweka fedha yote katika amana ya muda maalumu, miezi 12, kwa riba ya asilimia 9, nikakabidhiwa hati yenye muhuri, nami nikaifunga katika karatasi ya nailoni na kuirejesha nyumbani kwa taadhima, kama mtu abebaye mayai.

Usiku ule, baada ya kula, nilibandua ukurasa wa kalenda ya mwaka uliopita, nikaugeuza nyuma, nikaikumbuka kanuni ya 72. Ni kanuni kongwe: mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, aliitaja katika kitabu chake cha hesabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494, nayo yasema kwamba ukitaka kukisia ni lini fedha itakuwa maradufu, igawe 72 kwa asilimia ya riba, na jibu ndilo muda wenyewe. Si hesabu kamili, ni makisio. Lakini 72 ni namba karimu, hugawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 6, kwa 8, kwa 9 na kwa 12 bila kumsumbua mtu. Nikagawa kwa 9.

"Nane," nikatamka.

"Nane nini, Baba Tumaini?" akauliza mke wangu, ambaye hakuyainua macho kutoka kwenye ungo wa maharage aliyokuwa akiyachambua. Elimu yake ni ya darasa la saba, lakini ndiye mtunza hazina wa VICOBA ya mtaa wetu, na daftari lake halijapata kupishana na sanduku.

"Miezi, mama," nikamjibu, kwa sauti ile niliyokuwa nikiitumia kwa watoto wa dawati la nyuma. "Huoni hati imeandikwa miezi?"

Na ili nimpe ithibati, nikapiga hesabu mwezi baada ya mwezi, riba juu ya riba: mwezi wa kwanza 3,270,000, wa pili 3,564,300, wa tatu 3,885,087, hata nilipofika mwezi wa nane nikaona 5,977,688, pungufu ya maradufu kwa shilingi 22,312 tu, nikamsamehe Pacioli. Mwezi wa 12 ulinipa 8,437,994. Laiti ningalichungulia dirishani, nikaitazama foleni ya malori yaendayo Lubumbashi, na kujiuliza ni shehena gani humo ndani ambayo huzaa nyingine sawa na yenyewe kwa miezi minane! Lakini mtu aliyekwisha kuona namba imeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe ni mzito wa kuuliza.

Kilichofuata nakipitia haraka, maana kinaniuma. Niliahidi paa jipya la mabati 40. Nilimwahidi shemeji mtaji. Fundi alikuja na futi yake, akapanda juu, akapima, akashuka akiniita Mheshimiwa. Sisi watu wa huku tumezoea kuishi na makisio, kwani hata kile kimondo cha Ndolezi wapo wanaokikisia tani 12 na wapo wanaosema 16, nacho kimetulia palepale hakimdai mtu. Lakini mwenye duka la vifaa vya ujenzi si kimondo.

Mwezi wa Julai, katika baridi ile itupatayo hata mchana, nilivaa koti nililomwozea binti yangu, nikachukua mfuko wa salfeti wa kutilia fedha, nikaenda. Dirishani nilimkuta binti niliyemfundisha darasa la tano.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua zile milioni sita."

Alisoma hati, akasoma kompyuta, akautazama mfuko. Kisha akanieleza taratibu, kwa heshima iliyonichoma kuliko kicheko, kwamba ile tisa ni ya mwaka mzima, si ya mwezi. Kwamba mwisho wa miezi 12 nitapata riba ya shilingi 270,000, na humo itakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, yaani 27,000, nibakiwe na 243,000. Na kwamba nikiivunja amana leo, kabla ya siku yake, hata hiyo itapunguzwa. Halafu akainama karibu na kioo, akashusha sauti ili mteja wa nyuma yangu asisikie.

"Mwalimu, si wewe uliyekuwa ukitunyima alama kwa jibu lisilo na kizio?"

Nilisimama pembeni nikaifanya upya hesabu ya 72, safari hii kwa miaka. Kodi ikishatoka, riba halisi ni asilimia 8.1, basi fedha yangu ingekuwa maradufu karibu na mwaka wa tisa, nayo ni kwa sharti kwamba kila mwaka niirudishe yote, mtaji na faida, na benki isiishushe riba. Ng'ombe yule angekuwa amekwisha kuwa bibi.

Kwa miezi minne nilikwenda sokoni kwa kuzungukia nyuma ya stesheni ya TAZARA, ili nisipite mbele ya duka. Novemba nikalipwa 3,243,000 kamili. Mtaji nikaurudisha ulikotoka, na riba, kwa bei ya 27,000 kila moja, ikanunua mabati 9. Mabati 9 hayaezeki nyumba. Yaliezeka banda la kuku, na vizuri sana.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Kuku walikuwa kimya. Sisi tuliamka, tukaliweka beseni chini ya tundu lililo juu ya kitanda, tukalala tukisikiliza.

"Nimehesabu matone 72," nikasema gizani.

"Kwa dakika," akauliza mke wangu, "au kwa saa?"