Tisa Haina Shemeji

Jana kikoba kizima kiliniita mwizi, tena kwa adabu: "Mweka hazina atufafanulie hizo elfu ishirini na saba zimekwenda wapi." Daftari la katibu lilisema 85,000, sanduku likatoa 58,000. Katibu, ambaye ni shemeji yangu, akavitazama viatu vyangu vipya. Ni vya mtumba, lakini ghafla viling'aa kama ushahidi.

Bibi mmoja, mhasibu mstaafu, akauliza huku akiendelea kufuma kitambaa chake: "Ishirini na saba si inagawanyika kwa tisa?"

"Inagawanyika, bibi."

"Basi tazameni daftari kwanza."

Usiku sikulala, na si kwa hasira tu. Hebu fikiria: tarakimu ikipanda nafasi moja, thamani yake huwa mara kumi, yaani imeongezewa tisa zake. Nane ya 8,000 ikikalia kiti cha 80,000 imejipatia 72,000, ambazo ni tisa mara 8,000. Tano iliyoshushwa kutoka 50,000 hadi 5,000 imenyang'anywa 45,000, tisa mara 5,000. Aliyepata kapata kwa tisa, aliyepoteza kapoteza kwa tisa. Pengo litakwepaje tisa? Tena 27 ukiigawa kwa 9 unapata 3, na 8 ukitoa 5 ni 3 vilevile! Pengo lenyewe linakunong'oneza tofauti ya tarakimu zilizopokonyana viti. Kweli, anayeiba 27,000 kamili naye angejificha humo. Ndiyo maana palepale kikaoni kadi za wanachama zilijumlishwa upya. Zikatoa 58,000. Shemeji aliipindua jumla alipoihamishia ukurasa safi.

"Kalamu imeteleza," akasema, watu wakacheka, chai ikamiminwa. Samahani sikuipata. Kwetu kalamu ya katibu huteleza, mkono wa mweka hazina huiba. Na azimio likapitishwa: kuanzia sasa mweka hazina atahesabu fedha mbele ya mashahidi wawili. Katibu hakuwekewa hata mmoja.

D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko Devlali, India, aliupeleka mchezo huu wa tarakimu kubadilishana viti mbali mwaka 1949. Chukua tarakimu nne zisizofanana zote, zipange kutoka kubwa hadi ndogo, utoe mpangilio wake wa kinyume, kisha urudie. Kabla hujavuka hatua ya saba umefika 6174, na kila jibu la njiani linagawanyika kwa tisa.

Nilimwonyesha kondakta kwa tarakimu za mwisho za simu yake, akadai nauli. Mchungaji aliniuliza kama ni bahati nasibu. Binti yangu alitaka kujua kama itakuja kwenye mtihani, na nilipomwambia haiji, akanionea huruma.