Hongera, Msomaji Usiyeitwa

Waandishi wengi hufa bila kupata hata mtu mmoja aliyesoma kila walichoandika. Sisi tunaotumia kompyuta tumeneemeka. Tunaye msomaji wa namna hiyo, na tangu Vista ya 2007 amekuwa akija na kila Windows mpya bila kualikwa. Jina lake SearchIndexer. Feni inayovuma kama mashine ya kusaga, nawe hujafungua hata ukurasa mmoja, ndiyo salamu yake.

Hufungua faili moja baada ya jingine, akayachambua maneno, akaandika katika faharasa neno lipi limo faili lipi, ili siku ukiuliza asianze kupekua diski nzima. Maombi ya kazi yasiyojibiwa, bajeti ya harusi iliyokwisha kuvunjika, mihtasari ya vikao vya vicoba ambayo hata katibu hakuirudia: yote ameyasoma, na hajapiga mwayo. Ana adabu pia. Ukianza kuchapa, hupunguza kasi; ukienda kunywa chai, huendelea na kazi, na betri.

Wakati wa Windows XP tulikuwa na mbwa wa katuni, aliyekaa kwenye kidirisha cha kutafutia akitusindikiza kungoja. Ushamba mtupu! Enzi zile tulingoja tunapotafuta. Sasa tunaweza kungoja hata tusipotafuta kitu.

Wenye husuda husema faharasa yenyewe hunenepa hadi kufikia gigabaiti kadhaa. Hunenepa, ndiyo. Mlitaka asome yote hayo halafu akonde?

Lawama nzito zaidi ni kwamba Kiswahili kinampiga chenga. Mazoea yake ni kulinganisha mwanzo wa neno, na kwa Kiingereza yanamfaa, maana maneno ya huko hurefuka mkiani. Yetu hubadilika kichwani. Mwulize “mkataba”, na waraka uliojaa “mikataba” utabaki umejificha. Mwulize “lipa”: nitalipa, tulilipana, hawakulipwa, yote yatapita mbele yake asiyatambue.

Hapo ndipo namvulia kofia kabisa. Mdai akija, mkaribishe kiti, mgeuzie kioo cha kompyuta, mwache aandike “lipa” kwa mkono wake mwenyewe. Ahadi zako zote zimo humo, zimesomwa na kuhifadhiwa kwa uaminifu, na hataiona hata moja.