Jinsi ya Kugeuza Plastiki Kuwa Mbao Bila Kuzaa Pundamilia

Kazi hii ni udanganyifu mtupu, na tuifanye kwa moyo mweupe. Tunachukua plastiki ya kijivu, tunaipaka rangi, kisha tunataka mgeni aape kwamba ameona mbao. Ukifaulu, hakuna atakayesifu rangi yako, kwa kuwa hataiona. Ukishindwa, utakuwa umezaa pundamilia mwenye mabawa, na mjukuu atakuuliza mbona hana miguu.

Kwa hiyo tuanze na mti, brashi itasubiri. Ndege ya mfano tutakayoitengeneza ni Albatros D.III ya Wajerumani, kwa sababu ni ndege chache za Vita Kuu ya Kwanza zinazompa fundi rangi mbao nyingi kiasi hiki mahali pa wazi. Kiwiliwili chake kilikuwa ganda la plaiwudi nyembamba, lililopigiliwa juu ya fremu za mbao na kupakwa vanishi mpaka likang'aa kimanjano. Aprili 1917 Waingereza walipoteza ndege nyingi sana mbele ya Albatros hizo, wakauita mwezi ule Aprili ya Damu. Ndugu zake, D.V na D.Va, walifuata mwaka huohuo. D.Va zilizobaki duniani ni mbili tu, moja iko Washington na nyingine Canberra. Tafuta picha za hizo mbili, ukae nazo kwa muda mrefu kuliko unavyodhani unahitaji.

Utakachokiona kwenye picha hizo ni kwamba nyuzi za mbao karibu hazionekani. Plaiwudi ile ilikuwa ya mbetula, mti wa nchi za baridi wenye mbao nyeupe na nyuzi za aibu. Sasa chukua rula. Katika kipimo cha 1/32, mstari wa nusu milimita kwenye ndege yako ni milimita 16 kwenye ndege halisi. Katika 1/72 ni milimita 36. Huo si uzi wa mbao tena, ni ubao mzima. Kila unapotamani kuongeza mstari mmoja ili kazi ionekane, rudi kwenye hesabu hii. Nyuzi zetu zinatakiwa kunong'ona.

Vifundo usichore hata kimoja. Najua vinavutia, na mkono ukishashika brashi unavitafuta wenyewe. Lakini kifundo ni udhaifu wa mbao, na mbao za ndege zilichaguliwa zilizonyooka na safi. Mkaguzi wa kiwanda angeikataa ndege yako kabla rubani hajavaa glovu.

Halafu ujue ni wapi mbao haipo. Hapa ndipo mafundi wengi hodari hujiaibisha, kwa kuwa mkono ukishazoea kuchora nyuzi hauna breki. Nguzo zenye umbo la V kati ya mabawa ya Albatros ni mabomba ya chuma, si mbao. Mabawa yamevikwa kitambaa, na usukani wa mkiani vilevile. Sopwith Camel ya Waingereza ina nguzo za mbao kweli, na nyuzi zake hukimbia kwa urefu wa nguzo, kamwe si kwa upana. Mbao iliyokatwa kwa upana ingevunjika kwenye kona ya kwanza. Na kama moyo wako haupendi nyuzi hata kidogo, historia inakuruhusu: rubani Mjerumani Manfred von Richthofen aliifunika Albatros yake kwa rangi nyekundu. Paka nyekundu, ulale mapema.

Umebaki? Karibu kazini.

Safisha plastiki kwa maji na sabuni, piga msasa laini kwenye maungio, kisha pulizia rangi ya msingi ya akriliki. Iwe ya maziwa yenye chai kidogo sana. XF-57 ya chapa ya Tamiya inafaa, na XF-59 kwa anayependa manjano zaidi. Msingi huu ndio mbao yenyewe, nyuzi ni kivuli chake tu. Ukipaka msingi wa kahawia, umetengeneza kabati la nguo.

Plaiwudi ilibandikwa vipande vipande, na vipande viwili havifanani kamwe. Basi ziba baadhi kwa tepu, vingine uvipulizie rangi ileile iliyoongezwa tone la nyeupe au la kahawia. Tofauti iwe ndogo kiasi kwamba unaiona tu ukiitafuta. Funika vyote kwa vanishi ya wastani, isiyong'aa sana wala kufifia, uache ikauke hadi kesho.

Sasa rangi ya mafuta, ile ya wachoraji, ya tyubu. Zinatosha mbili: kahawia iliyoungua na manjano ya udongo. Zikamulie juu ya kipande cha boksi na uzipe muda; karatasi itanyonya mafuta ya ziada na rangi itakauka upesi baadaye. Tia kidogo kwenye kipande kimoja cha plaiwudi, kidogo kuliko unavyotaka. Kisha chukua brashi yako kongwe kuliko zote, ile iliyokakamaa na kutawanyika nywele. Usithubutu kuitupa, brashi mpya ya bei kali haiwezi kazi hii. Iburute ikiwa kavu, upande mmoja, toka mwanzo wa kipande hadi mwisho wake bila kusimama. Futa brashi kwa kitambaa, buruta tena. Kila mburuto unaondoa rangi, na kinachobaki ndizo nyuzi. Acha mapema.

Vipande jirani usivipake siku moja. Paka kimoja, ruka kimoja, vilivyobaki uvirudie vya kwanza vikishakauka, ukiwa umevizibia kwa tepu. Hapo mpaka kati ya karatasi mbili za plaiwudi utatokea wenyewe, mkali na mnyoofu, kama seremala alivyouacha.

Kisha subiri. Rangi ya mafuta hukauka kwa siku kadhaa, na haijali maonyesho yako ni Jumamosi. Kila fundi ana kidole kimoja kisichoamini kwamba rangi bado mbichi. Kidole hicho kipe kazi nyingine, mbali na meza. Funika ndege kwa boksi, vumbi lisije likaota nyuzi za kwake.

Ikikauka, pulizia vanishi yenye rangi. Tamiya X-24 ni manjano angavu, X-26 ni rangi ya chungwa. Changanya, zimua sana, pulizia tabaka jembamba, ngoja, tazama, ndipo uongeze. Hapa ndipo plastiki inakufa na mbao inazaliwa, na kwa maoni yangu hakuna dakika tamu zaidi katika ufundi huu wote. Malizia na vanishi ya wastani.

Rafadha ni jambo la pekee. Iliundwa kwa mbao zilizounganishwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka, na Wajerumani walipenda kupishanisha mbao nyeusi na nyeupe. Paka nyeupe kwanza, bandika vipande vyembamba vya tepu vikifuata mkunjo wa bapa, paka kahawia, bandua.

Msomaji wa pwani ana ndege nyingine ya kumwita. Mwaka 1915, Caudron na Henri Farman za Waingereza ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia kuelekeza mizinga dhidi ya meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, katika delta ya Rufiji, na tarehe 11 Julai meli ile ikaangamizwa. Caudron ina nguzo za mbao zilizo wazi kila upande, na kila moja inadai nyuzi zake.

Lakini usianze na ndege. Leo jioni chukua kijiko cha plastiki, kipake msingi, buruta mafuta, tia vanishi. Kiharibu, chukua kingine. Vijiko ni rahisi, Albatros ni ghali.